Uzee si jina la ugonjwa

Mwezi wa Julai mwaka 2024, baridi ya Nairobi ilipokuwa imepenya hadi chini ya blanketi, jirani yangu mmoja mtaani Jericho alianza kulala akiwa ameketi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa umri wa miaka 81, aliyesomesha hesabu katika shule za msingi za Eastlands kwa zaidi ya miaka thelathini hadi alipostaafu mwaka 1998. Watu wa nyumbani kwake hawakushtuka. Walimwona tu mzee amekokota kiti chake hadi dirishani, amejifunika koti, na kila alipoulizwa alijibu kwamba akilala chali pumzi humkatika. Miguu yake ilivimba hata viatu vikawa havimwingii, wakamnunulia patipati. Alikohoa usiku, wakasema ni baridi ya Julai. Alitweta kutoka msalani hadi sebuleni, mwendo wa hatua kumi. Wakasema ni umri.

Siku alipozidiwa alipelekwa katika kliniki ndogo ya kibinafsi iliyo karibu. Huko alionekana hana nguvu, na kwa kuwa katika mitaa yetu mtu asiye na nguvu dawa yake ni dripu, alitundikiwa chupa mbili za maji ya chumvi. Kufikia usiku wa manane mzee alikuwa akitokwa na povu mdomoni na kupigania hewa kama mtu anayezama. Na kwa hakika alikuwa akizama, ila maji yenyewe yalikuwa ndani ya mapafu yake. Tulimpakia katika gari la jirani, tukaifuata Barabara ya Jogoo iliyokuwa tupu saa hizo, hadi hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja, maadamu niliyoyaona humo sidhani ni ya hospitali hiyo peke yake.

Yafaa niwe mwadilifu. Daktari kijana aliyetupokea, ambaye macho yake yalionyesha kwamba hakuwa amelala tangu siku iliyotangulia, alitambua maradhi yale kabla hatujamaliza kueleza. Aliamuru dripu ing'olewe, mzee aketishwe wima, apewe oksijeni na kudungwa sindano ya dawa ya kutoa maji mwilini. Kulipopambazuka Mwalimu alikuwa amekojoa sana, na akauliza ni nani aliyebaki na funguo za nyumba. Alikaa wadini siku sita. Siku ya saba aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na karatasi yenye majina ya dawa tano, ambazo mbili tu ndizo zilizopatikana katika duka la dawa la hospitali, pamoja na tarehe ya kliniki baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyemweleza mkewe dawa zile ni za kazi gani. Wiki ya nne alirudi kitini dirishani. Tarehe ya kliniki ilipowadia tulikuwa tumekwisha kumzika.

Katika siku za matanga nilisikia neno moja likirudiwa na watu wa kila namna: ndugu, majirani, wanafunzi wake wa zamani ambao sasa nao wana mvi, hata muuguzi mmoja aliyekuja kutoa pole. Walisema, "Ni uzee." Nikajikumbusha kwamba neno hilo hilo nililisikia wadini, pale binti yake alipouliza kwa nini baba hajapigwa picha ya moyo, akajibiwa kwa upole, "Sasa mama, baba naye ana miaka themanini na moja." Jibu hilo halikuwa la ukatili, na huenda ndiyo sababu likawa gumu kupingwa. Lakini ni jibu la uongo, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Mwanafunzi yeyote wa baiolojia amesoma mzunguko wa damu. Moyo ni pampu mbili zilizoungana: upande wa kulia husukuma damu kwenda mapafuni, nao wa kushoto huisukuma kwenda mwilini kote. Misuli ya moyo ikichoka, aghalabu baada ya miaka mingi ya kushindana na shinikizo la damu lililo juu, damu haiendi mbele inavyostahili, bali hurundikana nyuma kama magari katika mzunguko wa Donholm wakati wa jioni. Upande wa kushoto ukilemewa, maji huchuruzika ndani ya mapafu, na mgonjwa hawezi kulala chali. Ukilemewa upande wa kulia, maji hushuka miguuni na tumboni. Figo nazo, zikiona damu haizifikii vya kutosha, hudhani kwamba mwili umekauka, zikaanza kuzuia chumvi na maji yasitoke, na hapo mambo huzidi kuharibika. Madaktari huiita hali hii moyo kushindwa kufanya kazi. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwani wengi hudhani moyo umesimama, ilhali moyo ungali unapiga ila umelemewa na mzigo. Mzigo huweza kupunguzwa.

Kwa mzee mambo hayajitokezi waziwazi kama yalivyoandikwa vitabuni. Huenda asilalamike kifua. Huenda akakosa tu hamu ya chakula, akachanganyikiwa, akawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, au akachoka asitake kuoga. Kikohozi chake hufanana na cha homa ya mapafu, na mara nyingi hupewa dawa za homa ya mapafu. Kisha kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye mzazi mzee alishike vizuri. Tembe nyingi za maumivu ambazo wazee wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti na mgongo, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, huzuia chumvi na maji mwilini na kuudhoofisha zaidi moyo uliokwisha kulemewa. Mwalimu alikuwa akizimeza kila siku kwa miaka. Muuzaji wa dawa mtaani hakuwahi kumuuliza kama ana presha, wala daktari wa hospitali hakuuliza anameza nini kingine.

Sasa nirudi kwenye dai kwamba ni uzee. Mwaka 1987 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi za Skandinavia kuhusu dawa iitwayo enalaprili. Wagonjwa walikuwa 253, wote wenye maradhi haya katika hali mbaya kabisa, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 70 hivi. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliopewa tembe zisizo na dawa, 44 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Miongoni mwa waliopewa enalaprili, 26. Msomaji ayatazame tena matarakimu hayo, kisha akumbuke kwamba waliookolewa walikuwa wazee. Dawa hiyo leo si ghali, hutengenezwa na viwanda vingi, na imo katika orodha ya dawa muhimu za nchi hii. Tangu wakati huo zimeongezwa nyingine zinazorefusha maisha ya wagonjwa wa namna hii. Basi yeyote anayesema kwamba mzee mwenye moyo uliolemewa hana tiba anazungumza kama mtu aliyefunga vitabu zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Lakini huku kwetu mzee hata hahesabiwi vizuri. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 12 za mataifa tisa ya Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwa mojawapo, juu ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kulemewa ghafla. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, karibu nusu ya wagonjwa, huku kuziba kwa mishipa ya moyo, ambako ndiko kunakotawala Ulaya, kukiwa chini ya asilimia 8. Karibu wagonjwa 18 katika kila 100 walikufa katika muda wa miezi sita. Wapo waliosoma matarakimu hayo wakahitimisha kwamba katika Afrika haya ni maradhi ya watu wa makamo. Sehemu ya maelezo ni kweli kwamba bara letu ni la vijana. Hata hivyo nikiitazama mitaa ya Makongeni, Maringo na Mbotela ninajiuliza ni wangapi wa umri wa Mwalimu ambao hawakuwahi kufika penye daftari la watafiti, kwa kuwa jamaa zao walikwisha kuamua kwamba ni uzee.

Mwaka 2015 serikali ilifanya uchunguzi wa nchi nzima kuhusu maradhi yasiyoambukiza. Ilibainika kwamba takriban mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililo juu, na kwamba zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Ni habari ya kutisha. Ila waliohojiwa walikuwa wa umri wa kati ya miaka 18 na 69. Mwalimu wakati huo alikuwa na miaka 72, hivyo hakumo.

Kutohesabiwa huko kuna historia yake katika mitaa hii. Wakoloni walipojenga makao ya wafanyakazi Waafrika mashariki mwa jiji, vyumba vingi vilikusudiwa mwanamume mmoja mwenye nguvu, aliyeacha mke na watoto mashambani, ambaye angefanya kazi na kisha, akizeeka, arudi alikotoka. Mzee hakuwamo katika ramani. Hata baada ya uhuru, Buruburu, Umoja na Dandora zilipojengwa, waliofikiriwa walikuwa wazazi vijana na watoto wao. Hospitali ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ni ya kina mama wazazi, na imefanya kazi kubwa. Nusu ya Nairobi ilizaliwa pale, au angalau ndivyo tunavyopenda kujigamba sisi wa Eastlands. Lakini mwenye maradhi mengine yaliyozidi uwezo wa kituo cha afya alilazimika kuvuka jiji hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haikufunguliwa hadi mwaka 2011. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu karibu milioni moja katika Embakasi pekee. Waliopokea funguo za nyumba za Buruburu katika miaka ya 1970 wakiwa na umri wa miaka thelathini sasa wanakaribia themanini au wamekwisha kupita, na wengi wao hawana tena huko mashambani pa kurudi.

Wadini, adha ya kwanza ya mgonjwa wa namna hii ni kitanda. Mtu ambaye mapafu yake yana maji hawezi kulazwa sambamba. Ni lazima aegemezwe, kichwa na kifua vikiwa juu. Vitanda vya kuinuliwa kwa mkono vipo, ila vingi vimeharibika palepale penye kuinulia. Na mnapolazwa wawili katika kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule, jambo ambalo limeshuhudiwa na kuandikwa mara nyingi katika hospitali zetu za umma, mgonjwa wa moyo ataegemea nini? Sisi tulipeleka mito miwili na godoro la kiti cha sebuleni. Binti wa mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa akitoka Kayole, alikuwa amefunga shuka la kanga kwenye vyuma vya kitanda ili nyanya yake aegemee humo kama mtoto katika mbeleko. Niliona ni uvumbuzi mzuri, na nikaona haya kwamba ulihitajika.

Adha ya pili watu hawapendi kuizungumza, nami nitaizungumza kwa sababu naamini inaua. Dawa ya kutoa maji humfanya mgonjwa akojoe sana na kwa haraka. Mzee wa miaka themanini, mwenye magoti mabovu, aliyeunganishwa na mpira wa oksijeni, hawezi kukimbia msalani. Anahitaji chombo, na mtu wa kumletea chombo. Usiku muuguzi ni mmoja kwa wadi nzima, ama wawili, na jamaa wamekwisha kuondolewa saa za kuwaona wagonjwa zilipokwisha. Mwalimu alikuwa mtu aliyevaa tai hata siku ya kwenda sokoni Burma. Usiku wa pili alijikojolea, muuguzi wa kike mwenye umri wa mjukuu wake akalazimika kumbadilisha mbele ya wanaume kumi na wanane. Kuanzia siku iliyofuata akawa anaificha tembe chini ya ulimi na kuitema. Tuliligundua jambo hilo siku ya nne, mkewe alipokuta tembe tatu ndani ya foronya ya mto. Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa haitikii dawa vizuri, na kipimo kiongezwe.

Hilo halikuwa kosa la muuguzi yule, wala la daktari. Mkojo wa mgonjwa huyu unapaswa kupimwa na kuandikwa, na mwili wake kupimwa uzito kila asubuhi, maana kila kilo moja inayopungua kwa ghafla ni takriban lita moja ya maji iliyotoka. Kwa hiyo mizani na daftari humwambia daktari yale ambayo mgonjwa mwenye aibu hayasemi. Katika siku sita sikuona mizani wadini. Mizani! Kila kioski cha mboga kina mizani. Damu yake nayo ilipaswa kupimwa figo na madini ya potasiamu mara kwa mara, kwa kuwa figo za mzee ni dhaifu na dawa hizi huzielemea. Ilipimwa mara moja, siku ya kwanza.

Nimesikia watu wakilijibu hili kwa kusema kwamba rasilimali ni chache, na kwamba katika uhaba ni halali kumtanguliza kijana mwenye watoto wadogo. Silidharau hoja hiyo. Madaktari wetu waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi kwa takriban miezi mitano mwaka 2017, na yeyote aliyewahi kukesha wadini anajua kwamba hawakuwa wakilalamikia hewa. Kama swali lingekuwa mashine moja ya kupumulia na wagonjwa wawili, ningenyamaza. Lakini hapa tunazungumzia mto wa kuegemea, chombo cha mkojo, mizani, tembe za bei nafuu na mtu wa kueleza. Vitu hivyo hakuna kijana anayenyang'anywa akipewa mzee.

Nakubali pia kwamba kuna wazee ambao moyo wao umefika mwisho, ambao kuwaongezea sindano ni kuwaongezea mateso. Mtu kama huyo anastahili kuulizwa yeye mwenyewe anataka nini, kwa lugha anayoielewa, na kutulizwa pumzi na maumivu hadi mwisho wake. Mwalimu hakuulizwa lolote. Katika siku sita madaktari waliokuja kumzungukia walizungumza na mwanawe, na siku mwanawe hakuwapo walizungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, lugha ambayo Mwalimu aliijua kuliko baadhi yao.

Sasa nifike penye kiini. Maradhi haya huua zaidi baada ya mgonjwa kutoka hospitalini kuliko akiwa ndani. Katika ule uchunguzi wa nchi tisa, waliokufa wodini walikuwa kama wanne katika kila mia. Waliokufa kufikia mwezi wa sita walikuwa karibu kumi na wanane. Maana yake ni kwamba wodi ilifanya kazi yake ya kukausha maji, kisha mgonjwa akatolewa mlangoni na kuachwa. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine lililofanywa katika nchi 14, zikiwemo Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, juu ya wagonjwa 1,078 wa umri wa hadi miaka 85. Nusu yao waliachwa wafuate utaratibu wa kawaida wa kwao. Nusu nyingine dawa zao ziliongezwa haraka hadi kufikia kipimo kamili, wakaonwa na daktari wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita baada ya kutoka hospitalini, wakipimwa presha na damu kila mara. Katika siku 180 waliokufa au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 23.3 katika kundi la kwanza na asilimia 15.2 katika kundi la pili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwani haikuonekana haki kuendelea kuwanyima wengine utaratibu huo.

Mwalimu alipewa miezi mitatu. Laiti angepewa wiki moja!

Najua jibu litakalotolewa: kliniki ya moyo ina foleni ndefu, na daktari bingwa ni wa wagonjwa wengi. Basi asiwe daktari bingwa. Mwezi Septemba mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha, mizani na vifaa vinginevyo. Wamo Jericho, wamo Dandora, wamo Kayole. Ninawaona wakipita na mikoba yao. Je, kuna ugumu gani hospitali, siku inapomruhusu mzee aliyekuwa na maji mapafuni, kumpigia simu mhudumu wa mtaa wake na kumwambia: nenda kwake wiki hii, na ijayo, na ile nyingine; mpime uzito; mpime presha; hesabu tembe zake; akiongezeka kilo mbili katika siku tatu, mrudishe kwetu asisubiri tarehe? Vituo vya afya vya Jericho, Makadara na Bahati viko mwendo wa miguu kutoka nyumba nyingi za wazee hawa. Afisa wa kliniki anaweza kuongeza kipimo cha enalaprili akiwa na maagizo yaliyoandikwa na daktari.

Lipo suala la fedha, nalo haliepukiki. Wakenya wa umri wangu wanakumbuka Desemba 1989, wagonjwa walipoanza kutozwa ada katika hospitali za serikali, wakaambiwa ni kuchangia gharama. Tangu wakati huo mzee asiye na mshahara amekuwa akihesabu sarafu kabla ya kuhesabu tembe. Mwalimu akistaafu, bima aliyokuwa nayo kazini humwacha langoni mwa shule. Walimu wenzangu mnaosoma haya mkiwa bado mko kazini mlitafakari hilo. NHIF ililipia kitanda cha Mwalimu, ila dawa tatu za kununuliwa nje hazikuwa na mlipaji, na mkewe alinunua moja, ile ya bei ya chini, akitumaini ingetosha. Tangu Oktoba 2024 tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, pamoja na mfuko uliotajwa katika sheria kwa ajili ya dharura na maradhi sugu. Mpango huo ulipoanza, asiye na mshahara alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600. Mzee anayetegemea shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi angehitaji karibu miezi miwili asile chochote ili azilipe.

Katiba ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 43 kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na katika Kifungu cha 57 kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Si maneno matupu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba ilikuwa kinyume cha sheria kuwazuilia kina mama wawili katika Hospitali ya Pumwani kwa sababu walishindwa kulipa ada, na kabla ya hapo desturi hiyo ilionekana kuwa jambo la kawaida tu. Sijasikia mzee yeyote aliyekwenda mahakamani kudai chombo cha mkojo. Wala sitarajii, watu wa umri huo walifunzwa kutosumbua.

Kwa hiyo nawaomba walimu na wanafunzi wawasumbulie. Ninyi ndio mnaokaa na wazee hawa katika vyumba viwili vya Kaloleni na Uhuru, na mara nyingi mwanafunzi ndiye hulala chumba kimoja na nyanya au babu yake. Ndiye humsikia akiamka usiku kutafuta hewa. Mwalimu wa baiolojia anapochora moyo ubaoni, achukue dakika kumi kueleza maana ya mzee kulala ameketi, miguu inayobonyea ukiibonyeza kwa kidole, na kwa nini mtu huyo hapaswi kutundikiwa dripu kabla hajasikilizwa mapafu. Na mzee akilazwa, ulizeni kila siku: Amepimwa uzito? Figo zake zikoje? Akitoka ataonwa lini? Mkiambiwa ana miaka themanini na moja, jibuni kwamba umri wake mnaujua, mlichouliza ni uzito.

Kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Nairobi nina ombi dogo zaidi. Chapisheni karatasi moja, kwa Kiswahili, ya kumpa kila mzee anayetoka wadini baada ya kutibiwa moyo: jina la kila dawa na kazi yake, dawa za maumivu anazopaswa kuziepuka, uzito wake siku aliyotoka, nambari ya simu ya mhudumu wa afya wa mtaa wake, na tarehe ya kuonwa isiyozidi siku saba. Mjane wa Mwalimu angali ameihifadhi ile karatasi aliyopewa mumewe. Nimeisoma. Ina jina lake, umri wake, na maandishi ambayo hata mfamasia alishindwa kuyasoma.